Mgodi Ukifunga, Fundi wa Salamabila Abaki na Cheti

Septemba 2019 kampuni ya Banro ya Kanada ilisimamisha kazi katika mgodi wa dhahabu wa Namoya, Salamabila, teritori ya Kabambare, nchini Kongo. Miezi miwili kabla yake wafanyakazi wanne walikuwa wametekwa, na malori yaliyoleta mafuta na vipuri yalishambuliwa njiani. Uzalishaji wa kibiashara ulianza Januari 2016, kwa hiyo haukufikisha hata miaka minne.

Mengi yameandikwa kuhusu bunduki za Malaika, kundi la wapiganaji wa hapa, na kuhusu dhahabu yenyewe. Kuhusu ujuzi hakuna anayeuliza. Kijana aliyejifunza kuendesha mtambo mkubwa mgodini, aliyezoea kusoma mita za umeme au kupima sampuli maabara, alipotoka getini alitoka na nini mkononi? Akienda kuomba kazi Lubumbashi au katika mgodi wa Kibali, swali la kwanza ni cheti. Ujuzi wa kuokoteza kazini, hata ukiwa mzuri namna gani, unajulikana na yule bosi aliyekuona ukifanya kazi. Bosi akiondoka, ushahidi wako umeondoka naye.

Salamabila imeyaona haya mara kadhaa. Wabelgiji walichimba Namoya tangu zama za ukoloni hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha ikaja SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za madini za Kivu na Maniema, nayo ikaanguka. Banro ikaingia mwaka 1996, ikanyang'anywa hati na serikali mwaka 1998, ikarudishiwa mwaka 2002. Banro nayo ikaondoka, na mgodi ukaingia mikononi mwa wengine. Kila zamu iliajiri watu na kuwafundisha kiasi cha mahitaji yake, basi.

Banro haikusahau elimu, tuseme ukweli. Mfuko wake wa kijamii, ulioanzishwa mwaka 2005, ulijenga shule na vituo vya afya katika maeneo ya migodi yake. Lakini shule ya watoto na masomo ya mfanyakazi ni mambo mawili. Darasa la msingi linamtayarisha mtu wa miaka kumi na mitano ijayo. Fundi aliye zamu leo anahitaji chuo kinachokubali kumpima, kumjazia mapengo na kumpa karatasi inayotambulika nchi nzima.

Fedha za kufanya hivyo sheria imeshazitaja. Taasisi ya Taifa ya Mafunzo ya Kazi, INPP, iliundwa tarehe 29 Juni 1964, na kila mwajiri anatakiwa kuichangia kila mwezi kwa kadiri ya mishahara anayolipa: asilimia 3 kwa kampuni binafsi yenye wafanyakazi hadi 50, asilimia 2 kwa yenye 51 hadi 300, asilimia 1 kwa zinazozidi hapo. Tupige hesabu ya mfano tu. Mkandarasi wa ulinzi au wa chakula mwenye watu 40, kila mmoja akilipwa dola 200, anadaiwa dola 240 kwa mwezi, yaani 2,880 kwa mwaka. Kampuni ya watu 300 kwa wastani wa dola 300 inadaiwa dola 21,600 kwa mwaka. Hizo si fedha za hisani. Ni haki ya mfanyakazi iliyokwisha kukadiriwa.

Juu ya hapo, Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwezi Machi 2018 inailazimu kampuni ya uchimbaji kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayouzunguka mgodi, na kutia saini daftari la masharti na wenyeji. Mgodi ukiuza dhahabu ya dola milioni 50 kwa mwaka, fungu hilo ni dola 150,000. Mimi sioni kwa nini daftari hilo liandike visima na madaraja peke yake. Liandike pia jina la chuo, idadi ya nafasi za masomo na aina ya cheti.

Chuo gani? Hapo ndipo ugumu ulipo. Chuo Kikuu cha Kindu kiko mbali, na barabara ya kutoka Kabambare kupita Kasongo inajulikana na kila aliyesukuma pikipiki kwenye matope ya masika. Mfanyakazi wa zamu hawezi kuacha mshahara miaka mitatu akasome huko. Mwalimu na karakana ndivyo vimfuate alipo, kwa vipindi vya wiki chache, na mtihani ufanyike chini ya muhuri wa chuo.

Majirani zetu Watanzania wamelijaribu. Mwaka 2009 chuo cha ufundi cha VETA, Moshi, na kampuni za migodi, kupitia Chemba ya Madini na Nishati, walianzisha programu ya pamoja ya kufundisha mafundi: kijana anasoma chuoni kwa vipindi, halafu anafanyia kazi mgodini alichosoma, kampuni ikigharamia. Mwajiri anasema anataka fundi wa aina gani, chuo kinapanga masomo na kupima. Kule Buzwagi, Kahama, mgodi uliofungwa mwaka 2021 umepata kazi mpya: mwaka 2024 Barrick ilifungua hapo chuo cha kunoa wasimamizi wa migodi yake. Majengo ya mgodi mfu yakawa madarasa. Namoya ina majengo pia.

Ninajua pingamizi la kwanza: usalama. Ni kweli, mwalimu haji mahali anapoogopa kutekwa. Lakini kazi kwa wenyeji ilikuwa miongoni mwa madai yaliyowasha uasi wa Malaika. Mzee wa Kibangubangu anayeona mafundi wanaletwa kutoka mbali huku mwanawe akipewa ufagio, anahesabu hasara yake kila asubuhi. Kuahidi nafasi za kazi bila kufundisha ni kumwahidi ufagio ule ule.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Watu wengi wa Salamabila hawana mwajiri. Wanachimba kwa mikono, wanaosha mchanga na kumuuzia negosia, yaani mnunuzi wa dhahabu. Mchango wa INPP hauwagusi. Kwao ushirika wa wachimbaji ndio unaoweza kusimama mahali pa mwajiri na kuzungumza na SAEMAPE, idara ya serikali yenye jukumu la kuwasaidia wachimbaji wadogo, kuhusu masomo ya kuimarisha mashimo na kujikinga na zebaki. Shimo likiporomoka linaua mwenye cheti na asiye nacho, ila aliyefundishwa kuweka nguzo ana nafasi ya kurudi nyumbani.

Kwa hiyo ninawaomba wajumbe wa wafanyakazi na machifu watakaokaa mezani na kampuni yoyote ijayo Namoya: msitie saini daftari la masharti kabla jina la chuo halijaandikwa ndani yake. Na wewe unayelipwa mshahara leo Salamabila, Kasongo au Kabambare, muulize mwajiri wako kama mchango wa INPP unalipwa, na umemfundisha nani mwaka huu.