Leseni Kwanza, Mbio Baadaye

Yapo mambo yatendekayo mbali nasi ambayo, tukiyatazama juujuu, tunayahesabu kuwa anasa za matajiri na kuyapita bila kugeuza shingo. Mojawapo ni mashindano ya magari ya kiti kimoja yanayoendeshwa na vijana wa miaka 15, 16 na 17. Leo tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu, wa Bara na wa Visiwani, tuyazungumze mashindano hayo. Tena tunayazungumza kutoka Bugarama, kata ya wachimba dhahabu katika Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga, jirani na mgodi wa Bulyanhulu.

Sababu ni hii. Jioni moja, tukitoka kikaoni, tulipita kwenye kijiwe cha bodaboda. Vijana wapatao sita walikuwa wameizunguka simu moja, wakitazama mbio za magari hayo na kubishana ni nani aliyeikata kona vizuri. Mmoja wao, ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamwota, aliwafafanulia wenzake kwa nini dereva wa mbele alifunga breki mapema. Alieleza kwa ufasaha hata tukastaajabu. Mara wakaja abiria wawili na kiroba chao cha mahindi. Kijana yule yule akaiwasha pikipiki, akawapakia wote wawili kwa mtindo uitwao mishikaki, kofia ngumu akaitundika kwenye usukani, akaondoka kwa mwendo ule ule aliokuwa akiusifu. Tulimwuliza mwenzake kama yule bwana mdogo ana leseni. Alicheka.

Kicheko kile ndicho kilichotushikisha kalamu.

MSIMU ULIVYO

Daraja la magari yale huitwa Formula 4. Lilianzishwa na Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, na mashindano yake ya kwanza yalifanyika Italia mwaka 2014. Kabla ya kufika hapo, kijana huwa amekwisha kupitia vigari vidogo viitwavyo karti, visivyo na paa wala springi, ambavyo watoto wengi huanza kushindana navyo wakiwa na miaka minane hivi. Katika Formula 4 hakubaliwi mpaka atimize miaka 15.

Msimu si siku moja ya kelele. Nchini Uingereza umekuwa na mikutano 10, na kila mkutano una mbio tatu. Katika mbio kamili mshindi hupata alama 25, wa pili 18, wa tatu 15, hivyo hivyo hadi wa kumi anayepata alama moja. Katika Falme za Kiarabu, ng'ambo ya bahari waliyoivuka babu zetu kwa pepo za Kusi, daraja hili lilianza msimu wa 2016 na 2017. Huko vijana wamekuwa wakishindana Januari na Februari, wakati Kaskazi inavuma Unguja na Pemba. Katika utaratibu wa namna hii, mwenye kushinda mara moja kwa bahati hawezi kumpita mwenye kumaliza salama kila mara. Bingwa ni yule aliyedumu.

Gari lenyewe lina nguvu za farasi kati ya 160 na 180. Magari ya kizazi cha pili, yaliyoanza kutumika mwaka 2022, yamefungwa upinde mgumu wa kukinga kichwa cha dereva. Lakini kabla injini haijawashwa, wakaguzi hulipitia gari na vifaa vya dereva, kuanzia kofia hadi mavazi yasiyoshika moto. Uwanjani bendera ya manjano ikipepea, hakuna ruhusa ya kumpita mwenzio. Ikipepea nyekundu, mbio zimesimamishwa. Mkaidi huadhibiwa, awe mtoto wa nani. Nyuma ya kijana mmoja wapo mafundi, mhandisi, mkufunzi na waamuzi. Gari lina kiti kimoja, lakini kazi yake ni ya watu wengi.

Mwaka 2015 kijana wa Uholanzi, Max Verstappen, aliingia Formula 1, daraja la juu kabisa, akiwa na miaka 17. Kipaji chake hakikuwa na shaka, na baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Hata hivyo wakuu wa mchezo hawakungoja maafa. Kuanzia mwaka 2016 waliagiza kwamba anayetaka kuingia awe ametimiza miaka 18, awe amekusanya alama katika madaraja ya chini, na awe na leseni ya kawaida ya kuendesha gari barabarani. Mwaka 2024 mlango ulifunguliwa kidogo kwa kijana wa miaka 17 mwenye sifa za pekee, lakini kwa uamuzi wa wakuu wenyewe. Hakuna aliyejiamulia.

MTOTO NA MSAHAFU

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali hatuoni ajabu katika jambo hili. Hakuna mwalimu aliyemkabidhi mtoto msahafu siku ya kwanza. Alianza na alifu, be, te, akaunganisha herufi, akapewa juzuu, na alipokosea alirudishwa nyuma mpaka ulimi ukanyooka. Ndugu zetu wa Visiwani wanayo mizani nyingine. Mtoto wa pwani huyatoa maji chomboni, hukunja kamba na kujifunza kuusoma upepo kwa miaka mingi kabla nahodha hajamwachia usukani. Iweje basi pikipiki, iendayo kasi kupita jahazi lolote, ndiyo peke yake anayokabidhiwa kijana baada ya kuzungushwa uwanjani jioni moja?

Wapo watakaotujibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu na fedha zao. Kwa upande wa fedha, wana haki: msimu mmoja wa Formula 4 huko Ulaya ni gharama ambayo familia ya mkulima haiwezi kuiota. Lakini ufundi haujui rangi. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilizaliwa kwa sababu dereva mmoja wa Kenya alikataa kuzunguka kiwanja kile kile cha Langa Langa na kutaka mbio za kuvuka nchi. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyeshinda mashindano hayo mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Aliijua injini kwanza, ndipo akaijua kasi.

Na si habari za kale tu. Mwaka 2022 kijana wa Kenya, McRae Kimathi, alikwenda kushindana juu ya theluji ya Sweden katika daraja la chipukizi la mbio za dunia. Juni mwaka huo huo binti wa Kenya, Maxine Wahome, alishinda daraja la tatu la mbio za dunia katika Safari Rally. Desemba 2024, mjini Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mbio za Formula 1. Majirani wanatazama mbali.

Tumtaje pia Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba, ambaye babu yake alitoka kisiwa cha Grenada kwenda Uingereza. Baba yake alifanya kazi zaidi ya moja ili mtoto aendelee na karti, na mwaka 1998, kijana akiwa na miaka 13, kampuni ya McLaren ikamchukua katika mpango wake wa kulea vijana. Jasho la mzazi lilimfikisha mlangoni. Aliyemfungulia ni taasisi. Huko kwao mzazi alipata wa kumpokea mtoto. Hapa kwetu mzazi anauza ng'ombe, ananunua pikipiki, na hakuna anayempokea mwanawe.

TUNACHOKITAKA

Hatusemi Bugarama ijengewe kiwanja cha mbio. Tunasema utaratibu wa kiwanja kile uletwe kijiweni.

Sheria inazitaka halmashauri zetu zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na vikundi vingi huiombea pikipiki. Basi mkopo wa pikipiki usitoke bila mafunzo, leseni na kofia mbili. Halmashauri zenye migodi, zinazopokea ushuru wa huduma kutoka kwa wachimbaji wakubwa, zina uwezo wa kulipa mkufunzi. Uwanja wa shule siku ya Jumamosi unatosha, na matairi makuukuu yatakuwa kona. Vijana washindane kwa msimu mzima, kijiwe kwa kijiwe, katika kufunga breki, kukata kona na kukagua chombo. Atakayeonekana barabarani na mishikaki apoteze alama, na bingwa agharimiwe masomo ya ufundi VETA. Utaratibu huo unaifaa Wete kama unavyoifaa Bugarama.

Nasi wa Chama hatuna budi kujikosoa. Siku za kampeni tunawaita vijana hawa waipambe misafara yetu. Tunawajazia mafuta, tunashangilia wakisimamisha pikipiki kwa gurudumu moja, wala hatuwaulizi leseni. Tukishamaliza kuhesabu kura tunawaachia polisi na waganga. Hilo ni kosa letu, na tulirekebishe kabla ya kumnyoshea mwingine kidole.

Kijana wa kijiweni alirudi salama jioni ile, akaendelea na ubishi wake wa kona na breki. Akili anayo na moyo anao. Anachokosa ni mtu mzima wa kumwambia kwamba bado, na wa kumwonyesha pa kuanzia. Viongozi wa halmashauri, mtu huyo ni ninyi, na bajeti i mikononi mwenu.