Ubao wa Mawimbi Wautafuta Tena Mti

Huenda umepata kuiona picha ya kijana aliyesimama wima juu ya ubao mwembamba, huku wimbi kubwa likimfukuzia nyuma. Picha hiyo hutufanya tuudhani mchezo wenyewe kuwa safi kama bahari. Lakini ni nani aliyewahi kuuliza ubao ule umefanywa kwa kitu gani, na fundi wake alivuta hewa ya namna gani?

Wenyeji wa Hawaii, ambao mchezo huu ni urithi wao wa tangu kale, walichonga mbao zao kwa mti wa koa, kwa wiliwili ulio mwepesi, na hata kwa mshelisheli, mti ambao Unguja twaujua kwa matunda yake. Fundi aliulainisha ubao kwa matumbawe, kisha akaupaka mafuta ya kokwa za kukui. Ulipochakaa uliozea udongoni. Hata hivyo tusisahau uzito: mbao za chifu Paki, zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Bishop mjini Honolulu, zina karibu kilo 70 kila mmoja. Huo si mzigo wa mtoto!

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mafundi wa California, Hobie Alter na Gordon Clark miongoni mwao, walianza kutumia sponji ngumu ya poliyurethani, jamaa wa karibu wa sponji ya magodoro tunayolalia, wakaivika kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini. Ubao ukawa wa kubebwa kwapani. Mapafu ndiyo yaliyolipa gharama. Kemikali iitwayo TDI, itumikayo kutengenezea sponji hiyo, yaweza kumpa mfanyakazi ugonjwa wa pumu. Rezini nayo hutoa mvuke mkali wa stirini. Na ubao upigwapo msasa, vumbi la kioo na sponji huenea karakana nzima. Nao ubao ukivunjika, hauozi.

Tarehe 5 Desemba, 2005, Clark alikifunga kwa ghafla kiwanda chake, ambacho mafundi wengi wa Marekani walikitegemea kwa sponji. Katika barua yake alitaja masharti ya serikali juu ya kemikali na madai ya wafanyakazi. Waliozoea kuagiza sponji kama mtu aagizavyo unga dukani wakabaki mikono mitupu, na hapo ndipo wengi walipoanza kutazama huku na huku.

Wako wanaotumia polistirini, ile nyeupe iizungukayo redio mpya ndani ya boksi, ikiwa imeyeyushwa na kufanywa upya. Wako wachanganyao rezini ambayo sehemu yake hutokana na mimea. Huko Australia, Tom Wegener aliufufua ubao wa kale wa alaia kwa mti wa paulonia, ukuao upesi na usionyonya sana maji ya chumvi. Wengine hutumia gamba la mkoki wa Ureno, libanduliwalo kila baada ya miaka 9 au zaidi bila kuukata mti.

Linalonivutia mimi, hata hivyo, ni la agave, kwa kuwa mkonge wetu ni wa ukoo huohuo. Kila aliyepita mashamba ya Tanga ameiona milingoti ile mirefu. Mmea huutoa mlingoti mara moja tu maishani, ukachanua, kisha ukafa wenyewe. Kwa hiyo auchukuaye mlingoti mkavu hakuua kitu. Mafundi wa California huikausha milingoti ya agave, huipasua, huiunganisha kwa gundi, ndipo waichonge. Nje ni migumu, ndani ni laini mithili ya sponji. Kazi hiyo huchukua muda mrefu, na bei yake si ya mfukoni mwa kila mtu. Gamba la juu bado ni tatizo, kwani ubao wa agave nao, kwa kawaida, huvikwa kitambaa cha kioo na rezini kabla ya kutiwa majini.