Kwa Monet: Bustani Moja, Familia Mbili

Mkifika Paris, utampeleka wapi mwenzako? Wengi hukimbilia Mnara wa Eiffel, wanapiga picha wamekumbatiana, basi. Jaribuni kitu kingine. Pandeni treni pale Saint-Lazare hadi Vernon, kama saa moja hivi, kisha basi hadi kijiji cha Giverny. Hapo ndipo alipoishi mchoraji Claude Monet kuanzia 1883 hadi alipofariki 1926. Ila nendeni kati ya Aprili na mwisho wa Oktoba, maana wakati wa baridi pamefungwa.

Bustani yenyewe, jamani! Maua yamebanana mbele ya nyumba mpaka njia hazionekani, na ng'ambo ya barabara kuna lile bwawa la mayungiyungi na daraja la kijani la mtindo wa Kijapani. Kila mtu anataka kupigwa picha hapo, kwa hiyo wahini asubuhi.

Ndani, chumba cha kulia ni njano tupu, kuta na kabati vyote, na jiko ni la buluu. Lakini angalieni ile meza ndefu. Familia iliyohamia hapa ilikuwa ya watu kumi: Monet na wanawe wawili, na Alice Hoschedé na watoto wake sita. Na Alice, wapenzi wasomaji, alikuwa mke wa mtu.

Mumewe, Ernest, alikuwa tajiri aliyenunua picha za Monet. Akafilisika 1877, na mwaka uliofuata familia hizo mbili zikaanza kuishi nyumba moja. Camille, mke wa Monet, alikuwa mgonjwa, na Alice ndiye aliyemuuguza mpaka alipofariki 1879, akiwa na miaka 32 tu. Ernest muda mwingi alikuwa Paris. Alice hakumfuata. Alibaki na Monet, wakaishi kinyumba miaka yote hiyo, wakafunga ndoa 1892, baada ya Ernest kufariki 1891.

Sasa hapa ndipo patamu, au pachungu. Inasimuliwa kwamba Alice alimwonea wivu marehemu, akaharibu barua na picha zake. Mimi hapo simtetei. Unamuuguza mwanamke mpaka dakika ya mwisho, halafu unamfuta mbele ya wanawe? Michel, yule mdogo, alikuwa na mwaka mmoja na nusu mama yake alipokufa. Angemkumbukia wapi?

Hata hivyo, watoto wale walikua pamoja. Blanche, binti wa Alice, akaolewa na Jean, mwana mkubwa wa Monet. Alice alipofariki 1911, na Jean 1914, ni Blanche aliyebaki kumtunza mzee aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona. Naye Michel ndiye aliyeirithi nyumba, akaiachia Akademi ya Sanaa ya Ufaransa 1966. Baada ya matengenezo makubwa ikafunguliwa kwa wageni 1980.

Kabla ya basi la kurudi, tembeeni kidogo hadi kanisani pale kijijini. Kaburi la familia liko hapo. Monet kalala na Alice, na Ernest naye yumo humohumo.