Lipia Robo Mita Kwanza: Kununua Kitambaa cha Nguo za Mtoto Ukiwa Mbali na Duka

Ukiwa fundi wa nguo Luanda Kotieno, duka kubwa la vitambaa haliko mlangoni. Feri inakuvusha hadi Mbita, ng'ambo ya ziwa. Matatu inakupeleka Ndori, kisha Kisumu. Ukienda Kisumu ukazunguka maduka na kurudi, siku imeisha na cherehani haijashona hata pindo moja. Basi njia rahisi ni simu: unaletewa picha kwa WhatsApp, unatuma pesa, na kifurushi kinapanda matatu.

Sisi kazi yetu ni kuhakikisha pesa hiyo inafika haraka. Lakini leo tuongee ukweli: pesa inafika Kisumu kwa sekunde chache, na kitambaa unakishika mkononi saa kadhaa baadaye. Ukigundua sicho ulichotaka, pesa imeshaenda. Na kwa nguo za mtoto mchanga hakuna muda wa kurekebisha. Mama aliyekulipa deposti ana tarehe ya kujifungua, na mtoto hangoji kifurushi cha pili.

Ushauri wetu ni mmoja: kabla ya kulipia mita tano, lipia robo mita.

"Ni pamba safi, kastoma"

Ukimuuliza muuzaji kama kitambaa ni pamba, jibu ni ndiyo. Mara nyingi hata hakudanganyi. Sokoni neno "pamba" hutumika kwa kitu chochote laini, na kitambaa kikishakatwa kutoka kwenye roli, hakuna lebo inayokifuata. Zamani Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha pamba, KICOMI. Siku hizi vitambaa vingi vinavyouzwa mjini vinatoka nje ya nchi, na huyo muuzaji pia alimwamini aliyemuuzia.

Kwa nini ujali? Kwa sababu ya joto la ziwani. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa. Poliesta haifanyi hivyo vizuri, na mtoto mchanga akivalishwa poliesta mchana anatoka vipele vya joto shingoni na kwapani. Jioni nayo ina mbu, kwa hivyo mikono mirefu inahitajika hata wakati wa joto, na mikono mirefu itavumilika tu kitambaa kikiwa chepesi. (Neti bado ndiyo kinga ya kulalia. Nguo haichukui nafasi yake.)

Na flisi je? Kwa picha inapendeza sana, na bei yake huvutia. Lakini flisi ni ya Limuru na Kinangop. Ukimvalisha mtoto wa Luanda Kotieno saa saba mchana, atakwambia kwa kilio.

Kipande kimoja, majaribio manne

Robo mita ni sentimita 25 kwa urefu, na inatosha kukuonyesha karibu kila kitu.

*Maji.* Dondosha tone moja la maji juu ya kitambaa. Pamba iliyofuliwa hulinyonya upesi. Likibaki juu kama umande kwenye jani, shuku. Kitambaa kipya kinaweza kuwa na dawa ya kiwandani juu yake, kwa hivyo kifue kwanza ndipo ujaribu.

*Moto.* Toka nje, watoto wawe mbali, na uwe na maji karibu. Shika uzi kadhaa kwa kibanio na uuwashe. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalosagika kwa vidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Mchanganyiko wa hizo mbili huacha jivu lenye punje ngumu ndani.

*Sabuni.* Chora mraba wa sentimita 20 kwa 20 kwa kalamu isiyofutika. Fua kwa maji moto, anika juani, kisha pima tena. Ukipata 19, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Ukipata 18, ni asilimia 10, yaani romba ya sentimita 40 itapoteza sentimita 4 mara ya kwanza tu kufuliwa. Kitambaa cha aina hiyo kifue chote kabla ya kukata, au kiache.

*Rangi.* Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia kwenye cheupe, itahamia pia kwenye ngozi na mdomo wa mtoto. Watoto hunyonya mikono ya nguo zao mchana kutwa.

Kama ni kitambaa cha fulana, ongeza jaribio la tano: kivute kwa pande kisha uachilie. Kisiporudi mahali pake, shingo ya nguo italegea kabla ya mwezi kuisha.

Mapambo: kidogo ni salama zaidi

Hapa ndipo wengi wetu tunapenda kuonyesha ufundi. Lesi, ribini, vifungo vya maua. Lakini kila unachoongeza ni kitu ambacho mtoto atakivuta na kukitia mdomoni.

Marekani hupima vitu vya kuchezea vya watoto wa chini ya miaka 3 kwa bomba dogo lenye upana wa milimita 31.7. Kipande kinachoingia chote ndani yake huhesabiwa kuwa kinaweza kumkaba mtoto. Kifungo cha kawaida cha shati kinaingia bila shida yoyote. Kwa hivyo kwa mchanga tumia vifungo vya kubonyeza vilivyoshikwa kwenye tabaka mbili za kitambaa, maana tabaka moja ya fulana huchanika. Ukimaliza kila kimoja, kivute kwa nguvu. Kikitoka mkononi mwako, afadhali kimetoka kwako.

Kamba za shingoni na kwenye kofia ziache kabisa. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 14682 hakiruhusu kamba hizo kwenye nguo za watoto wadogo wa chini ya miaka 7, kwa sababu zinaweza kunasa na kumnyonga mtoto. Lesi isugue kwenye upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako. Ikikukwaruza wewe, isiguse shingo ya mtoto. Lastiki isiache alama kwenye ngozi. Na soksi na glavu zigeuze nje ndani, ukate kila uzi unaoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu, na mtoto hawezi kukuambia anacholilia.

Kilo au mita? Piga hesabu kabla ya PIN

Kitambaa cha fulana mara nyingi huuzwa kwa kilo, na cha kawaida kwa mita. Ukilinganisha bei hizo mbili hivi hivi utajichanganya. Uliza vitu viwili: upana wa roli, na uzito kwa mita ya mraba.

Tuchukue mfano. Kitambaa kina gramu 180 kwa mita ya mraba, na upana wa mita 1.5. Mita moja ya urefu itakuwa na gramu 270, kwa hivyo kilo moja itakupa karibu mita 3.7. Kama kilo ni shilingi 900, kila mita imekugharimu kama 243. Sasa unaweza kulinganisha na yule anayeuza kwa mita.

Tuseme una oda ya romba 10 na kofia zake, na kila seti inakula nusu mita. Hiyo ni mita 5, kama shilingi 1,215. Kipande cha robo mita ni kama 60. Ongeza nauli ya kifurushi, bado umehatarisha pesa kidogo sana ili kulinda 1,215, deposti ya mteja, na jina lako.

Lipa kwa hatua

Hivi ndivyo tunavyopendekeza:

1. Omba picha ya lebo ya roli, si ya kitambaa kilichotandazwa mezani peke yake.
2. Lipia kipande cha kujaribu kama malipo yake mwenyewe. Mwambie muuzaji akuwekee roli hiyo hiyo, kwa sababu roli mbili za "bluu ya anga" zinaweza kutofautiana rangi.
3. Kikifaulu, agiza zote. Kwa muuzaji mgeni, omba ulipe nusu kabla ya kutuma na nusu kifurushi kikifika. Muuzaji naye ana hofu yake, kwa hivyo mkubaliane kwa ujumbe wa maandishi.
4. Akiwa na namba ya till, itumie. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Kama silo alilokwambia, simama, na umpigie kwa namba unayoijua tangu zamani.
5. Usifute ujumbe wa kuthibitisha malipo. Andika kwenye daftari tarehe, kodi ya muamala na mita ulizolipia.
6. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, wasiliana na huduma kwa wateja hapo hapo. Na yeyote atakayekupigia akidai ametoka kwetu na kukuomba PIN, kata simu. Sisi hatuombi PIN.

Ndiyo, kulipa mara mbili tatu kunaweza kuongeza makato, na tunajua unayahesabu. Weka makato hayo kwenye bei ya nguo, pamoja na uzi na nauli. Mama anayekuletea kazi atakuelewa ukimwonyesha kipande ulichofua na kupima. Mwombe akishike mwenyewe, akisugue shavuni. Akishakubali, ndipo utume pesa ya mita tano.

Na ile robo mita iliyobaki? Ikiwa imefaulu, inatosha kofia moja ya mtoto mchanga.