Ni Tunda Lipi Lililo Mwenyeji Katika Sinia Lako?

Jumapili ya leo pita sokoni ununue matunda machache ya namna mbalimbali: papai, nanasi, embe, kipande cha tikiti maji, na mabungo mawili matatu. Yakate, uyapange katika sinia, kisha waulize watoto: lipi katika haya ni la asili ya kwetu?

Mwandishi wa makala haya alifanya hivyo nyumbani kwake. Watoto walichagua papai bila kusita, kwa hoja kwamba mpapai hujiotea wenyewe uani. Bungo hawakuligusa. Mmoja alisema hilo ni tunda la porini.

Kumbe papai asili yake ni Amerika ya Kati. Nanasi ni la Amerika ya Kusini. Columbus alilikuta katika kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na Wareno ndio waliolivusha bahari pamoja na jina lake, ambalo nao walilipata kwa wenyeji wa Brazil.

Embe ni mgeni wa siku nyingi zaidi, aliyetoka Bara Hindi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali kwa achari ya maembe mabichi. Yaani kitoweleo hicho tunachokipenda kilikuwa mezani kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku! Akiwa Mombasa alikuta tunda dogo mfano wa zeituni, lenye kokwa na tamu mno. Msomaji wa pwani amekwisha kulitambua: ni zambarau, nalo ni la Bara Hindi vilevile.

Tikiti maji, ambalo watoto wangu walidhani ni la Uarabuni, ni la Afrika. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni tikiti la Kordofan, nchini Sudan. Mbegu zake zilikutwa hata katika kaburi la Farao Tutankhamun.

Na bungo? Hilo ndilo mwenyeji wa pwani yetu, tunda la mmea utambaao juu ya miti. Aghalabu halipandwi na mtu. Huchumwa porini, na pori likifyekwa kwa ajili ya viwanja nalo hutoweka. Ukali wake usikutishe. Lipasue, loweka kokwa zake katika maji, zipekeche kwa mkono mpaka nyama iachane nazo, chuja, kisha tia sukari kwa kiasi upendacho. Rangi yake hupita ya chungwa.

Yule mtoto aliyelikataa alikunywa bilauri mbili. Kisha akachukua kokwa tatu, akazifukia katika kopo la udongo lililo dirishani. Hazijaota bado, lakini kila asubuhi huzimwagilia maji kabla ya kwenda shule.