Barafu ya kuazima haisitiri

Ukiwa Runyenjes, Embu, asubuhi isiyo na mawingu waiona barafu ya Mlima Kenya. Ya kuchezea, lakini, ilianzia hotelini: uwanja wa Panari, Nairobi, ulifunguliwa 2005. Humo ikakulia timu ya hoki ya Ice Lions, na Septemba 2024 chama chetu cha taifa kikapokewa kuwa mwanachama mshiriki wa Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu.

Ni heshima. Lakini uwanja ule ni mdogo kuliko kipimo cha kimataifa, tena ni mali ya mtu. Mtoto wa Runyenjes, kama wetu wa Mombasa, aanzie wapi? Viatu vya magurudumu na sakafu ya saruji vyatosha kuanzia. Chama kisingoje barafu, kiwafuate watoto waliko.