Kila Chombo kwa Wimbile

Wasomaji wetu, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wataliona kuwa ni la watoto: michezo ya video ya zile mashine za kutia sarafu, zilizovuma Japani na Marekani tangu ulipotoka mchezo wa Space Invaders mwaka 1978. Wazee wenzangu wasinicheke. Ndani yake mna somo analolijua kila aliyefunzwa kuhesabu mizani.

Mashine nyingi za wakati ule zimekwisha kuharibika. Mwaka 1997 Mtaliana Nicola Salmoria alitoa programu iitwayo MAME, inayoifanya kompyuta iige vyombo vya ndani vya mashine hizo, hata mchezo usijue kwamba umehamishwa nyumba. Kwa njia hiyo michezo maelfu imeokolewa. Lakini kuuokoa mchezo ni jambo moja, na kuuonyesha kwa sura yake ni jambo jingine.

Mathalan Pac-Man, ya kampuni ya Namco ya Japani, mwaka 1980. Picha yake ina nukta 224 kwa upana na 288 kwa kimo, basi. Kioo bapa cha siku hizi chenye safu 1,080 kikitaka kuijaza picha hiyo, kila nukta yapaswa kupata safu tatu na robo tatu. Robo tatu ya safu haipo! Basi nukta moja hupewa safu nne na jirani yake tatu, ama zote hutiwa ukungu.

Au tazama Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991. Picha yake ni nukta 384 kwa 224, ilhali kioo chake kilikuwa cha nne kwa tatu. Kwa hivyo kila nukta ilikuwa nyembamba, na wachoraji walichora wakilijua hilo. Ukizifanya nukta zote mraba, wapiganaji hunenepa kwa zaidi ya robo.

Kisha kuna mwendo. R-Type ya Irem, mwaka 1987, hutoa picha 55 kwa sekunde. Kioo cha picha 60 hulazimika kurudia tano kila sekunde, na chombo cha angani huenda kikishtuka-shtuka. Ama mchezo wenyewe huharakishwa, ukawa mgumu kuliko ulivyokusudiwa.

Dawa yake ni ile televisheni ya zamani, nzito, iliyotokeza nyuma. Ndani yake mwale wa elektroni huchora mstari baada ya mstari, wala haukuwekewa safu maalumu za nukta. Programu iitwayo GroovyMAME huuliza kila mchezo kipimo chake, kisha huiamuru kompyuta itoe mistari hiyo hiyo kwa mwendo huo huo. Hata hivyo pana mipaka. Vioo vya mashine zile huchora mistari 15,000 na ushei kwa sekunde, ilhali vioo vingi vya kompyuta vya zamani huanzia 31,000 na ushei. Kioo kikipewa mwendo usio wake hukataa, na baadhi ya vile vikongwe huweza hata kuungua. Na Pac-Man hutaka kioo kilazwe ubavu, kama kilivyokuwa ndani ya sanduku lake.

Mtu atauliza: ya nini taabu yote hii? Mimi nasema hivi. Shairi la mizani kumi na sita ukilitia ya kumi na saba, maneno yote yapo na maana ipo, lakini muimbaji hukwama. Kipimo si pambo la kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Viwanda vikubwa vimeacha kuvitengeneza vioo hivyo, na kila siku vingine hutupwa jaani. Mwenye nacho kingali kizima asifanye haraka kukitupa. Huenda kikawa ndicho pekee mtaani kinachoweza kuwaonyesha wajukuu mchezo ule kama alivyouona aliyeutunga.